Uvimbe mpya kwa mtu aliyewahi kutolewa goita

Nahudumu kliniki ya upasuaji huku nyanda za juu kusini, ambako goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, si jambo geni. Ndugu zangu, mkimleta mama kwa uvimbe wa kichwani au nyonga inayomkosesha usingizi, anzeni kwa kumwonyesha daktari kovu la shingoni. Wengi hulinyamazia, maana operesheni ni ya zamani na shingo ilishapona. Lakini goita iliyotolewa huenda ilikuwa na saratani, na uvimbe huu mpya ukawa ni saratani hiyo iliyosambaa.

Saratani ya tezi ya shingo aina ya papilari hupenda kuingia mitoki (tezi za limfu) ya hapohapo shingoni. Ile ya folikula hupita kwenye damu, mara nyingi ikaenda mapafuni na kwenye mifupa. Kwa nadra huibukia msikodhani: ngozi ya kichwa, ubongo, ini, figo, hata ndani ya jicho, na pengine miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo itafuteni karatasi ya majibu ya maabara ya kinyama (kipande cha tezi) kilichotolewa kwenye operesheni ile. Kama nyumbani haipo, nendeni masjala ya hospitali aliyopasuliwa mkiwa na mwaka na jina alilojiandikisha nalo wakati ule. Akina mama wengi hubadili jina wakiolewa, faili likakosekana hivihivi. Aina ya saratani ndiyo inayoamua kipimo. Kwa papilari na folikula, ulizieni thairoglobulini kwenye damu, protini inayotengenezwa na tezi ya shingo na saratani zake hizi, pamoja na kingamwili zake, kwani zikiwepo huvuruga majibu. Kwa aliyetolewa tezi yote, kiwango cha thairoglobulini hutakiwa kuwa chini sana. Kikizidi kupanda, ugonjwa upo mahali. Kwa aina nyingine, iitwayo medula, hupimwa kalsitonini, homoni inayotolewa na saratani hiyo.

Uvimbe wa kichwani usikatwe kwa kudhaniwa ni uvimbe wa mafuta tu. Ushikeni taratibu: wa saratani hii unaweza kudunda chini ya kidole, kwa kuwa umejaa mishipa, na ukikatwa bila maandalizi damu humwagika vibaya. Kwanza picha, kisha sindano ya kuchukua chembe.

Kabla ya CT, ile picha ya mashine ya kompyuta, mkumbusheni daktari habari ya tezi. Dawa inayodungwa ili picha ionekane vizuri kwa kawaida ina iodini, na ikishaingia, tiba ya iodini ya mionzi, kama inayotolewa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, hulazimika kungoja wiki kadhaa. CT msiikatae, daktari aipange akijua. Vidonge vya thairoksini, vinavyofidia homoni ya tezi iliyotolewa, navyo asiache mpaka aambiwe.

Akianza kuishiwa nguvu miguuni, kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo, msingoje siku ya kliniki. Huenda uti wa mgongo umebanwa: mpelekeni dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.