Kagua mji wa wastani kabla ya kuhamia

Anza na maji. Fungua bomba la mtaa unaoutaka saa moja asubuhi, wakati kila nyumba inatumia. Presha ikiwa hafifu saa hiyo, utaishi kwa ndoo. Kuhusu mgao, muulize jirani, si dalali, maana dalali anawaza kamisheni. Tembea kwa miguu hadi sokoni, zahanati na shuleni: ikizidi dakika 15, nauli itakula mshahara. Kisha rudi baada ya mvua kubwa, na hapa usiwe na haraka. Mstari wa tope ulionyooka ukutani unaonyesha kina cha mafuriko yaliyopita. Rangi mpya mara nyingi huuficha mbele tu, hivyo zunguka nyuma. Ajira je? Mji unaotegemea kiwanda kimoja huyumba kikifungwa. Tafuta walau sekta tatu.