Mtutu nao unaisha: namna ya kuutunza kwenye bunduki ya kuwindia mbali

Watu wakitafuta bunduki ya kuwindia mbali wanaumiza kichwa na darubini, na risasi, na kitako, ila mtutu wanauona kama kitu cha kudumu. Mtutu unaisha kama tairi la gari. Uzuri ni kwamba ukijua unaishaje unaweza kuuchelewesha sana, na ukijua unaisha lini hautakuja kumjeruhi mnyama bure.

Unaanza kufia kooni, yani zile sentimita chache mbele ya chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), pale kichwa cha risasi kinapotoka kwenye ganda na kuanza kushikwa na mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu kuizungusha. Gesi ya baruti inapita hapo ikiwa na moto na presha ya ajabu, inaunguza uso wa chuma, chuma kinaanza nyufa nyembamba, afu kila risasi inayopita inakula kidogo. Kichwa cha risasi kinakaa ndani ya mtutu kama milisekunde moja na nusu tu, kwaiyo mtutu uliochoka kwenye risasi 1,500 ukipiga hesabu umefanya kazi kama sekunde 2 maisha yake yote!

Ndo maana kaliba, yani aina na ukubwa wa risasi bunduki inayotumia, ina maneno mengi hapa. Baruti nyingi kupita kwenye tundu dogo, mtutu hauchukui muda. .308 Winchester inachoma kama gramu 3 za baruti na mtutu wake unaweza kufika risasi 5,000 na kuendelea, 6.5 Creedmoor ni kama 2,000 mpaka 3,000, .300 Winchester Magnum inacheza kwenye 1,500 hadi 2,500, ila 28 Nosler inachoma kama gramu 5 kwenye tundu la milimita 7 na ikizidi 1,000 ushukuru. Hizo ni makadirio, mpigaji mwenyewe anaweza kuzikata nusu. Mi ushauri wangu, kama haupigi mbali kupita mita 400 usibebe kaliba kubwa kwa sababu ya sifa, chukua ya kawaida, ufanye mazoezi mengi.

Sasa joto, hapa ndo watu wanaua mitutu. Risasi kumi mfululizo zinaula mtutu kuliko risasi kumi zilizopigwa taratibu, hata kama ni bunduki ile ile na baruti ile ile. Piga 3, fungua bolti, isimamishe bunduki mdomo juu hewa ipite, subiri. Shika mtutu karibu na chemba, kama mkono hauvumilii sekunde 5 basi bado, ongea na wenzako, angalia upepo, kunywa maji. Na usiache risasi imekaa kwenye chemba ya moto, baruti inapata joto, presha inapanda, risasi inaenda juu ya ulipolenga, na chemba ikiwa na moto uliopitiliza risasi inaweza kulipuka yenyewe. Mazoezi ya mikao na kufyatua bila kuyumba fanya kwa .22, ile kaliba ndogo, au kavu kabisa bila risasi, mtutu wa kuwindia uuwekee akiba.

Usafi nao una yake. Kwanza toa risasi zote, chungulia chemba kwa macho alafu ingiza kidole uhakikishe, hata kama umeitoa mwenyewe dakika moja iliyopita. Ufito wa kusafishia uingie kwa nyuma, na uwe na kiongozi cha ufito (bomba la kuunyoosha) kwenye chemba ili usikwaruze koo, maana ukisafishia mdomoni unaharibu ule ukingo wa mwisho ambao risasi inaachia, na ukingo ukiharibika shabaha imeharibika. Dawa yenye amonia ya kutoa shaba ambayo risasi zinaacha ndani ya mtutu usiilaze usiku kucha, fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, ufute, upake mafuta kidogo. Masizi yanayoganda kuwa pete mbele ya chemba usiyadharau, yanaweza kupandisha presha. Kabla ya kwenda porini futa mafuta yote na upige risasi mbili tatu za kuuzoesha, risasi ya kwanza kwenye mtutu uliotoka kusafishwa mara nyingi inaenda pembeni.

Weka daftari. Kila ukitoka andika umepiga ngapi, na kama una kronografu (kipima spidi ya risasi) andika spidi, kwa risasi zile zile na hali ya hewa inayofanana. Spidi ikianza kushuka bila sababu, na wewe unayejaza risasi mwenyewe ukipima ukaona mifereji imesogea mbele, koo linaondoka hilo. Matundu kwenye karatasi ya kulengea yakianza kutawanyika usikimbilie kulaumu mtutu, kaza skurubu za darubini na za kitako, toa shaba yote, alafu piga kundi la risasi 10, sio 3, tatu zinadanganya. Kamera ya kuchungulia ndani inasaidia ila isikutishe, nyufa zinaonekana mapema sana wakati bunduki bado inapiga vizuri tu.

Kikomo chako kikae kwa mnyama. Eneo la moyo na mapafu kwa wanyama wa ukubwa wa kati ni kama sentimita 20 mpaka 25. Bunduki iliyokuwa inaweka kundi (upana wa matundu yote kwa pamoja) la sentimita 2.5 kwenye mita 100 ikifika sentimita 5, kwenye mita 500 hiyo ni 25 tayari, na hapo hujaongeza upepo wala mapigo ya moyo wako. Punguza umbali siku hiyo hiyo, mita 200 bado inafaa, 500 achana nayo kabisa.

Fundi mzuri anaweza kukata koo lililoungua na kuchonga chemba upya kama mtutu una nyama ya kutosha, ila mara nyingi mtutu mpya unalipa zaidi, na uagize mapema kabla msimu haujaanza. Ukishafungwa anza hesabu upya kwenye daftari, na jedwali la umbali (linaloonyesha risasi inashuka kiasi gani kila umbali) usilitengeneze haraka, mitutu mingi inaongeza spidi kwenye risasi 100 hadi 200 za mwanzo ndo inatulia.