Jinsi ya kuomba AdSense kwa blogu yako: anza na jina na sanduku la posta

Wengi wanaoomba AdSense, huduma ya Google inayokulipa kwa kuonyesha matangazo kwenye blogu yako, hukimbilia kubandika msimbo kwenye blogu, halafu jina na anwani huyajaza harakaharaka ili wamalize. Hapo ndipo pesa hukwama. Blogu inaweza kukubaliwa ndani ya siku chache, matangazo yakaonekana na mapato yakaanza kuingia, na bado malipo yasitoke kwa sababu jina la kwenye akaunti si lile la benki, au barua ya PIN (namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako) imekwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Kwa hiyo tunaanza upande wa fedha, ndipo tuje kwenye blogu yenyewe.

Kabla ya kugusa fomu

Weka mezani kitambulisho cha taifa au pasipoti, kadi au karatasi ya benki inayoonyesha jina la akaunti, na namba ya sanduku la posta. Linganisha majina. Kama kitambulisho kina majina matatu na benki wanakutambua kwa mawili, nenda benki ukarekebishe sasa, si siku pesa zimerudishwa. Kwenye fomu andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Jina la blogu au la utani lisiingie hapo kabisa.

Umri ni miaka 18 kwenda juu. Kijana aliye chini ya hapo, mzazi au mlezi ndiye aombe kwa jina lake mwenyewe, na malipo yataingia kwake.

Nchi na aina ya akaunti, ya mtu binafsi au ya kampuni, hazibadilishwi baadaye. Ukikosea, dawa ni kufunga akaunti na kuanza upya. Wapo wanaochagua Marekani wakidhani matangazo yatalipa zaidi. Si kweli: bei ya tangazo hutegemea msomaji yuko wapi na nani anamtaka msomaji huyo. Mwenye blogu yuko wapi haihusiki.

Tena, mtu mmoja ana akaunti moja. Kama tayari una AdSense kwa ajili ya YouTube, ingia humohumo uongeze tovuti yako. Ombi la pili litakataliwa kuwa ni marudio.

Sasa anwani. Barua ya PIN huja kwa posta ya kawaida, haina namba ya kuifuatilia. Kenya, weka namba ya sanduku pamoja na msimbo wa posta husika: 00100 kwa posta kuu ya Nairobi, 80100 kwa Mombasa, 40100 kwa Kisumu. Tanzania, weka S.L.P. pamoja na postikodi ya tarakimu tano ya kata yako. Ukitumia sanduku la shule, msikiti au ofisi, andika jina la taasisi kwenye mstari wa pili wa anwani, kisha mwambie kwa mdomo yule anayechukua barua kwamba unasubiri bahasha yenye jina lako.

Blogu ikoje?

Google haijaweka idadi ya makala wala ya wasomaji. Anayekuambia lazima makala 30 au miezi sita anakupa kanuni yake mwenyewe. Jambo linalowaangusha wengi Afrika Mashariki ni jingine: maudhui yenye thamani ndogo. Blogu ya nafasi za kazi inayonakili tangazo la mwajiri neno kwa neno, ya matokeo ya mitihani yenye kiungo tu, ya mashairi ya nyimbo, ya habari zilizotolewa kwenye magazeti: maandishi hayohayo yako kwenye tovuti nyingine kibao, na mkaguzi hana sababu ya kuichagua yako. Hata kubadilisha maneno mawili matatu hakusaidii. Kama unaandika nafasi za kazi, fupisha tangazo kwa maneno yako, kisha eleza nyaraka zipi zinahitajika, zinathibitishwa wapi, barua iandikweje, na waombaji hukosea wapi. Hapo ukurasa unakuwa wako. Kwa blogu za kupakulia filamu na nyimbo za watu, usipoteze muda: hilo ni suala la hakimiliki, halirekebishiki kwa kuongeza makala.

Menyu isiwe na kategoria tupu. Ukibonyeza "Michezo" ukakuta hakuna kitu, iondoe. Weka ukurasa wa mawasiliano, wa kueleza blogu inahusu nini, na sera ya faragha inayosema wazi kwamba matangazo hutumia vidakuzi (cookies); hiyo ya mwisho ni sharti. Angalia pia orodha ya lugha zinazokubaliwa na AdSense, na lugha kuu ya kurasa zako iwemo.

Anwani ya blogspot.com inakubalika, na ombi huanzia ndani ya Blogger, huduma ya blogu ya Google, kwenye sehemu ya mapato. Blogu ya bure ya WordPress.com haikubaliki, nunua kikoa chako, yaani jina la tovuti lako mwenyewe; .co.tz au .co.ke vinafaa.

Aliyeko Tanzania akumbuke Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018, pamoja na marekebisho yake. Uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kama aina ya maudhui yako inahitaji leseni kabla hujaanza kuingiza pesa.

Kutuma ombi

1. Ingia AdSense kwa akaunti ya Google utakayodumu nayo. Isiwe ya kazini.
2. Andika kikoa kitupu, mfano mfano.co.tz, bila https, bila www, bila mkwaju (/) wowote.
3. Chagua nchi, kubali masharti, jaza jina na anwani ulizoandaa.
4. Nakili msimbo uliopewa na uubandike kati ya tagi mbili za head, yaani <head> na </head>. WordPress, tumia plagini ya kuongeza msimbo kwenye head. Ukiuweka kwenye faili la templeti, utafutika siku templeti ikisasishwa. Njia nyingine ni faili la ads.txt, linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo kwenye tovuti yako, ambalo lazima lifunguke kwenye mfano.co.tz/ads.txt, lenye mstari huu ukiwa na tarakimu zako 16:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

5. Thibitisha tovuti, kisha omba ukaguzi.

Majibu huja baada ya siku chache, mara nyingine wiki mbili hadi nne. Muda huo usibadilishe templeti wala kuhamisha seva. Roboti ya Google ikikuta tovuti imezimika, au faili la robots.txt, linaloelekeza roboti, linaizuia Mediapartners-Google (roboti ya AdSense), utakataliwa hata kama makala ni nzuri. Ukikataliwa, soma sababu, rekebisha kurasa zote zinazofanana na hiyo sababu, ndipo uombe tena. Kuomba tena kesho yake bila kugusa kitu ni kukataliwa mara ya pili.

Mpaka pesa ifike

Mapato yakifika dola 10, utatakiwa kuthibitisha anwani, na mara nyingi utambulisho pia. PIN ya tarakimu sita hutumwa. Ipe wiki tatu mpaka nne. Isipofika, omba nyingine kwenye akaunti. Una miezi minne tangu PIN ya kwanza. Ikipita, matangazo huacha kuonekana. Kabla ya kuomba ya pili, hakiki anwani kwanza, maana kosa lilelile litaipeleka kulekule.

Tangu 2024 AdSense hulipa kwa tangazo kuonekana badala ya kubofywa. Hivyo magrupu ya WhatsApp ya kubofyana hayana faida yoyote, na bado yanafunga akaunti. Akaunti iliyofungwa kwa mibofyo batili hupoteza mapato, na huruhusiwi kufungua nyingine. Waambie hata ndugu zako wasibofye kwa nia ya kukusaidia.

Malipo hutoka yakifika dola 100, kwa uhamisho wa benki, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Mabadiliko yoyote ya benki yawe yamekamilika kabla ya tarehe 20. Hayaji moja kwa moja kwenye M-Pesa. Jaza namba ya akaunti, jina, na msimbo wa SWIFT (unaoitambulisha benki kimataifa) uliopewa na tawi lako, na uulize makato yao ya kupokea fedha za nje: benki za kati nazo hukata, ndiyo maana kiasi kinachoingia huwa pungufu kidogo. Zikipita siku kadhaa za kazi bila kuona kitu, chapisha risiti ya malipo iliyo kwenye akaunti ya AdSense uende nayo dawati la uhamisho wa kimataifa. Kwa tarehe, kiasi na namba iliyo kwenye risiti hiyo wanaweza kuzitafuta.