Kupunguza matumizi ya mafuta kwa gari la milimani: hatua ninazozifuata gerejini na barabarani

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na bei ya Mbeya huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta hayo husafirishwa zaidi ya kilomita 800 kabla ya kutufikia. Bei hiyo si mimi wala wewe wa kuibadilisha. Kinachobaki mikononi mwetu ni idadi ya kilomita zinazopatikana kwa kila lita, na kwa miaka niliyofanya kazi ya ufundi wa magari madogo hapa Ilomba, jijini Mbeya, nimeona kwamba wengi wanaolalamika kuwa gari "linakunywa" hutaraji niwaonyeshe kifaa cha kununua, ilhali tatizo mara nyingi ni injini isiyofikia joto lake au dereva anayepambana na mlima badala ya kwenda nao. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mfuatano ninaoutumia mteja anapoleta gari.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, kisha rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama ulivyozoea kwa kilomita 300 au zaidi, rudi kwenye kituo kilekile, ujaze tena mpaka pampu ikate. Ikiwa umetembea kilomita 384 na tanki limepokea lita 32, gari lako linapata kilomita 12 kwa lita. Fanya hivyo kwa tanki mbili mfululizo, kwa kuwa tanki moja huweza kupotoshwa na foleni ya siku moja au safari moja ya kwenda Tukuyu. Usitegemee mshale wa mafuta kwenye dashibodi, hasa huku kwetu ambako gari huegeshwa mteremkoni na mshale husoma mafuta yaliyolalia upande mmoja wa tanki.

Hatua ya 2: Hakikisha gari linabingirika kwa wepesi

Upepo wa matairi upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kufuata namba zilizo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Tairi likipoa kwa nyuzi 10 upepo wake hupungua kwa takriban PSI 2 (kipimo kinachosomwa kwenye geji ya upepo), na ndiyo maana matairi yaliyojazwa sawasawa mchana wa jua hukutwa yamelegea alfajiri ya Juni. Kosa la kinyume chake nalo ni la kawaida: dereva anatoka Tunduma matairi yakiwa ya moto, anapita kwa kijana wa pancha, geji inasoma juu, kijana anapunguza, na kesho yake gari linajikokota.

Baada ya upepo, kagua breki. Tembea kilomita chache kwenye barabara tambarare ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikitoa joto kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo inashika, na unachoma mafuta ili kusukuma gari lililozuiwa.

Hatua ya 3: Rudisha themostati

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo ninapokuta hasara kubwa na isiyoonekana. Themostati ni vali ndogo inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto. Katika magari mengi ya petroli tunayotumia huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi huitoa na kuitupa, na mteja huambiwa kwamba vali hiyo iliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kwanza, kauli hiyo si sahihi hata kwa Dar es Salaam, kwa sababu injini inahitaji joto lilelile popote ilipo. Pili, mwenye kauli hiyo hajawahi kuwasha gari Njombe saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai.

Injini isiyo na themostati hupelekewa maji baridi muda wote. Kompyuta ya gari husoma kwamba injini bado ni ya baridi, kwa hiyo huendelea kuongeza petroli kama inavyofanya dakika za kwanza baada ya kuwasha, na kwa mwenye safari fupi za Uyole hadi Kabwe injini hiyo haipati joto lake hata siku moja. Mwaka uliopita nililetewa gari aina ya Noah iliyonunuliwa Dar es Salaam ambayo ilikuwa ikipata kilomita 7 kwa lita. Mwenyewe alikwisha kubadilishiwa plagi na kusafishiwa injekta, yaani vifaa vinavyopulizia petroli kwenye injini, mahali pengine, bila mafanikio. Tulipofungua kasha la themostati tulikuta gasketi tu. Tuliweka mpya, akapima tanki mbili, akapata kilomita 9.

Unaweza kujichunguzia mwenyewe bila kufungua kitu. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua boneti, mwambie mtu awashe gari, kisha shika mpira wa juu wa rejeta ukikaa mbali na feni na mikanda. Ikiwa themostati ipo na ni nzima, mpira utabaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu utapata moto kwa ghafla. Ikiwa haipo, au imekwama wazi, mpira utapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo. Ishara nyingine ni mshale wa joto unaoshuka gari linapoteremka mlima mrefu, au taa ya buluu inayochelewa mno kuzimika kwa magari madogo yasiyo na mshale.

Kabla ya kufunga themostati mpya, mimi huichemsha kwenye sufuria ya maji nikaiona ikifunguka. Hapa Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94 na wala si 100, kwa hiyo usishangae isipofunguka mpaka mwisho. Muhimu ni kwamba ianze. Kwa sababu hiyohiyo, kifuniko cha rejeta chenye mpira uliochakaa kina madhara makubwa zaidi huku juu kuliko pwani, maana presha ya kifuniko ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Gari lililokuwa likichemsha litafutiwe chanzo: rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji au kifuniko hicho. Kutoa themostati ni kuficha ugonjwa.

Hatua ya 4: Oili, plagi na chujio la hewa

Tumia oili ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Injini iliyotengenezewa 5W-30 ikiwekewa oili nzito ya 20W-50 kwa hoja kwamba "inadumu" itazunguka kwa tabu kila asubuhi ya baridi, na tabu hiyo hulipiwa kwa petroli. Plagi zibadilishwe kwa muda wake. Kuhusu chujio la hewa, niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda: kwa injini ya petroli yenye injekta, chujio chafu hupunguza nguvu kuliko linavyoongeza matumizi, kwa kuwa kompyuta hupunguza mafuta kulingana na hewa inayoingia. Lisafishwe au libadilishwe, hasa kwa wanaopita barabara za vumbi za mashambani, lakini usitarajie miujiza. Kwa injini ya dizeli inayotoa moshi mweusi hali ni tofauti, na hapo chujio ni kitu cha kwanza kukagua.

Hatua ya 5: Kuondoka asubuhi

Usiache gari likinguruma uani robo saa "lipashe". Injini ndogo ya petroli ikiwa imesimama huchoma karibu nusu lita hadi lita moja kwa saa, na hupata joto polepole mno. Washa, subiri nusu dakika oili izunguke, kisha ondoka kwa utaratibu na uendeshe bila kukanyaga sana mpaka joto lifike mahali pake.

Hatua ya 6: Kupanda

Kwenye mwinuko wa Mbeya hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza nguvu kwa karibu kiasi hichohicho. Dereva aliyezoea barabara za chini karibu na pwani, kama Chalinze, huona gari limekuwa zito, naye hujibu kwa kukanyaga mpaka chini. Fanya hivi badala yake: ongeza mwendo kidogo kabla mlima haujaanza, pale sheria na usalama vinaporuhusu, kisha mguu ubaki palepale na uache mwendo upungue taratibu. Mwenye gari la manyuali ashushe gia kabla injini haijaanza kutetemeka, kwa kuwa gia kubwa yenye mafuta mengi haiokoi chochote. Kwenye mlima wa Kitonga, ukiwa nyuma ya lori lililobeba mbolea, kaa mbali vya kutosha uweze kupanda bila kusimama na kuanza upya. Kila kuanza upya katikati ya mlima hula mafuta kuliko dakika mbili ulizodhani utaziokoa.

Hatua ya 7: Kushuka

Usiweke frii, yaani usitoe gari kwenye gia. Wanaofanya hivyo kwenye mteremko wa Iwambi au Mlima Nyoka huamini kwamba wanaokoa, lakini kwa gari la injekta ukweli ni kinyume. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hufunga injekta kabisa mpaka mizunguko ikaribie ile ya injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Ukiweka frii, injekta zinalazimika kufunguka ili injini isizime. Kwa hiyo frii inatumia mafuta zaidi, na tena inaziachia breki peke yake kazi ya kulizuia gari. Zikishika moto, hazishiki. Kwa gari la otomatiki zima ovadraivu (gia ya juu kabisa ya barabara tambarare) au shusha gia kabla mteremko haujaanza.

Hatua ya 8: Tambarare

Kati ya Igawa na Igurusi, kwenye uwanda wa Usangu, barabara inanyooka na kishawishi cha kukimbia ni kikubwa. Ukitoka mwendo wa 80 hadi 100, ukinzani wa upepo huongezeka kwa zaidi ya nusu, na keria tupu iliyosahaulika juu ya paa huongeza wake. Ivue. Toa pia kwenye buti vitu visivyo vya safari, maana gunia la viazi lililopandishwa mlima halikupanda bure.

Ovadraivu iliyozimwa mlimani irudishwe hapa, la sivyo injini itaendelea kuzunguka kwa kasi isiyo na faida. Mimi mwenyewe niliwahi kuizima chini ya Kitonga nikafika Mafinga taa ya O/D OFF ikiniwakia njia nzima, na sikuiona mpaka nilipokuwa nikishangaa lita zinazoingia kwenye tanki. Tangu siku hiyo nimebandika kipande cha tepu nyeupe kando ya kitufe chake, na kila abiria anayekaa mbele huniuliza ni ya nini.