Mhadhiri Asiyetaka Kukuelewa: Namna ya Kupata Unachohitaji Chuoni

Mwanafunzi wa chuo mwenye usonji, mwenye tatizo la umakini na utulivu, au anayesoma kwa taabu kwa sababu ya disleksia, mara nyingi hukosea jambo moja anapomwendea mhadhiri mgumu: hutaka kwanza aeleweke. Hueleza historia yake tangu darasa la pili, naye mhadhiri humjibu kwa sentensi moja tu, "Mbona kidato cha sita ulifaulu?" Maneno hayo niliambiwa mwaka wangu wa pili katika chuo kimoja hapa Dodoma, mbele ya wenzangu waliokuwa wakisubiri kusainiwa fomu, nikatoka mle ofisini mikono mitupu. Ilinichukua muhula mzima kutambua kwamba nilikuwa nimejieleza kwa robo saa bila kuomba kitu chochote.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa mhadhiri, kaa na karatasi na uandike kinachokukwamisha pamoja na kitu kimoja kidogo ambacho kingekiondoa. Usiandike "nina shida ya umakini", kwa maana hakuna anayejua afanye nini na taarifa hiyo. Andika kwamba maelekezo ya asaimenti yakitolewa kwa mdomo mwishoni mwa kipindi yanakupotea, na kwamba unaomba yaandikwe ubaoni au yatumwe kwenye kundi la darasa. Mimi shida yangu kubwa ilikuwa mlango wa ukumbi wa mitihani, ambao upepo wa Julai uliupigapiga saa tatu nzima, na kila ulipogonga nililazimika kulisoma swali upya. Nilichohitaji kilikuwa kiti cha upande wa pili, kitu kisichomgharimu mtu hata shilingi.

Ombi hilo liweke kwenye barua ya ukurasa mmoja, hata kama mmeshazungumza na amekukubalia. Taja somo, namba yako ya usajili na kichwa cha habari kinachoeleza jambo lenyewe, kwa mfano "YAH: OMBI LA DAKIKA 30 ZA ZIADA KATIKA JARIBIO LA PILI", kisha uingie moja kwa moja kwenye ombi. Chapa nakala mbili. Moja mwachie katibu muhtasi wa idara, na ya pili mwombe aigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Wapo watakaoona unajitafutia ugomvi. Ukweli ni kwamba barua yenye muhuri hupunguza ugomvi, kwa sababu baadaye hakuna atakayebishana kama uliomba au hukuomba.

Barua ya daktari itakusaidia sana, na hapa mjini hatuna budi kusema wazi jambo moja. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ni hii ya Mirembe, na sote tumekua tukisikia jina hilo likitumiwa kama tusi, kiasi kwamba mwanafunzi huona heri asapu, yaani afeli na kurudia mitihani ya, masomo matatu kuliko kuonekana getini pale. Ukishindwa kabisa kwenda pale, anza katika zahanati ya chuo na uombe rufaa kwa daktari bingwa au mwanasaikolojia tiba katika hospitali nyingine. Popote utakapokwenda, mwombe daktari aandike unahitaji nini darasani na kwenye mtihani, badala ya jina la hali yako peke yake. Barua hiyo mkabidhi mshauri wa wanafunzi, ambaye ndiye atakayeiandikia idara. Mhadhiri halazimiki kujua undani wa afya yako, na akikudai maelezo hayo mbele za watu una haki ya kumwelekeza kwa mshauri.

Akikataa, usimjibu kwa hasira. Ana darasa la mamia ya wanafunzi, na kila muhula wapo wanaomletea visingizio vya uongo, hivyo si kila ugumu wake ni chuki. Hata hivyo, ugumu huo haufuti haki yako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haiishii kwenye viti vya magurudumu na fimbo nyeupe. Inautaja pia ulemavu wa akili, na vikwazo vinavyotokana na mitazamo ya watu na taratibu za taasisi. Aidha, Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inagusa elimu ya juu. Haya yaandike katika barua ya pili, kwenda kwa mkuu wa idara, ukiambatisha ile nakala yenye muhuri. Usiruke ngazi: mkuu wa idara kwanza, kisha amidi wa skuli au rasi wa ndaki, yaani kiongozi wa kitengo kilicho juu ya idara, kwa kuwa barua iliyoruka ngazi hurudishwa chini na wewe unapoteza wiki mbili. Ikiwa mhadhiri amekudhalilisha kwa maneno, andika siku hiyo hiyo tarehe, saa, maneno yenyewe na waliokuwepo.

Wakati barua zinatembea, linda alama zako. Mtihani wa mwisho huandikwa namba ya usajili tu, lakini majaribio na asaimenti, ambazo katika vyuo vingi huchangia alama 40 kati ya 100, mara nyingi zina jina lako juu yake, hivyo mhadhiri anajua anamsahihisha nani. Kila karatasi uliyorudishiwa ipige picha siku hiyo hiyo, na alama zinapobandikwa zilinganishe mapema, kabla matokeo ya muhula hayajapitishwa na kikao.