Sakafu ya Februari Hudanganya

Mwalimu mmoja mstaafu wa Loresho alinipigia simu mwezi wa Mei. "Mama fundi, sakafu yako imetoa malengelenge." Hakusema kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi. Kesho yake nikashuka Kangemi, nikavuka Waiyaki Way, nikaenda kujionea.

Chumba chenyewe ni kile cha chini, nusu yake imezikwa kwenye mteremko, ambacho wengi wetu huita besimenti. Februari nilikuwa nimekipaka sakafuni epoksi ya kijivu, ile rangi nzito ya kuchanganya inayokauka ngumu na kufunga zege, ikang'aa mpaka mwalimu akawakataza wajukuu kuingia na viatu. Sasa kulikuwa na vipele vya ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, vimejipanga kandokando ya ukuta wa upande wa juu wa mteremko. Nikatoboa kimoja kwa ncha ya msumari. Yakachuruzika maji ya manjano hafifu, yanayonata ukiyasugua kati ya vidole.

Nilikuwa nimepima unyevu kabla ya kupaka. Kosa ni kwamba nilipima Februari, jua limewaka wiki kadhaa, udongo umekauka. Masika yalipofika, ardhi ya nyuma ya nyumba ikashiba, na maji yakapanda ndani ya zege kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi. Yakafika juu, yakakuta epoksi imefunga mlango, yakaisukuma. Tangu siku hiyo mtu akiniita Januari au Februari nimpakie chumba cha chini, namwambia nitakuja kupima Aprili, au asubiri mvua za vuli, Novemba. Wengine hutafuta fundi mwingine. Sawa.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na huhitaji mimi kukifanya. Tafuta nailoni inayopitisha mwanga, ukate vipande vya sentimita 45 kwa 45. Zamani nilitumia mifuko ya dukani, lakini tangu ilipopigwa marufuku mwaka 2017 naomba mabaki ya nailoni ya grinihausi, na ni bora kuliko mifuko. Fagia sakafu, bandika kingo zote nne kwa tepu pana ya kijivu. Tepu ya karatasi ya wapaka rangi haifai, itaachia. Weka kipande kimoja katikati, kimoja kwenye kona iliyo upande wa mlima, kingine karibu na bomba lolote linalopita. Acha saa 16 kwa uchache. Mimi huacha siku mbili. Kisha tazama kabla hujabandua. Matone yakiwa juu ya nailoni, unyevu umetoka hewani. Yakiwa chini yake, au zege limekuwa jeusi pale lilipofunikwa, unyevu unatoka ardhini. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazichangamani.

Ule wa hewani ni mwepesi. Julai yetu ina baridi, sakafu ya chini inakuwa baridi zaidi, halafu mtu anaanika nguo humo ndani. Fungua madirisha mchana jua likiwa juu, nguo zianikwe nje, maboksi yainuliwe juu ya paleti.

Ule wa ardhini ndio wa kuumiza kichwa, na hapa nitakaa kidogo. Kabla hujanunua hata kopo moja, toka nje mvua inaponyesha. Ndiyo, na mwavuli. Tazama bomba la gata linamwaga wapi. Mara nyingi nakuta linamwaga pale pale ukutani, kisha mwenye nyumba ananiuliza rangi gani inazuia maji. Rangi ya kuzuia bomba la paa zima sijaiona. Urefushe mfereji uende mbali, na udongo unaoizunguka nyumba uinamie nje, ushuke kama sentimita 15 katika mita tatu za kwanza. Bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani na kumwagiliwa kila jioni iondolewe. Maua yatamea kwingine. Nyumba ikiwa kwenye mteremko, chimba mtaro upande wa juu, weka bomba lenye matundu, lizungushie kokoto na kitambaa cha kuchuja udongo, uyaelekeze maji kando.

Halafu kuna tangi. Kwa kuwa maji ya mfereji hapa Nairobi huja kwa zamu, nyumba nyingi zina tangi la kuhifadhi lililochimbiwa ardhini, na nimekuta zaidi ya moja limeshikana ukuta na chumba cha chini. Likipata ufa, chumba kinalowa hata kiangazi. Lijaribu hivi: usiku funga maji yanayoingia, zima pampu, piga mstari wa chaki pale maji yalipofika. Asubuhi maji yakiwa yameshuka na hakuna aliyechota, umempata mwizi wako. Dalili nyingine ni doa linalokua siku za zamu ya maji na kupungua siku nyingine. Hilo ni bomba linalovuja, mwite fundi wa mabomba kwanza.

Wanaokaa South C, Embakasi au kule Syokimau kwenye udongo mweusi wa bleki kotoni wana shida ya ziada. Udongo ule huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na sakafu hupasuka kuufuata. Ufa ukiwepo, chora alama ya penseli pale ulipoishia, andika tarehe pembeni. Ufa ukiipita alama msimu unaofuata, usiujaze kwa simiti, utapasuka tena. Tumia kijazio cha poliyurithani kinachovutika. Ufa uliotulia upanue kidogo kwa greinda, utoe vumbi, ndipo uujaze.

Ukishamaliza nje, tayarisha sakafu. Ile chumvi nyeupe inayotoka kama unga isuguliwe kwa brashi ya waya ikiwa kavu na kufagiliwa. Ukianza kwa kuimwagia maji, inayeyuka na kurudi ndani. Rangi kuukuu itoke yote. Kisha dondosha matone ya maji hapa na pale: yakiketi kama shanga, kuna mafuta au nta, na hakuna kitakachoshika hapo. Yakinywewa, endelea. Wapo wanaoosha kwa asidi. Mimi hukodi greinda ya sakafu na kuvaa barakoa, kwa sababu vumbi la zege ni baya kwa mapafu na asidi ni mbaya kwa kila kitu. Ukilazimika kuitumia, mimina asidi ndani ya maji. Usifanye kinyume, itakurukia.

Sasa uchague. Nailoni ikikaa kavu kabisa wakati wa masika, paka epoksi yako. Changanya kidogo kidogo kwa vipimo vilivyoandikwa koponi, maana ikishachanganywa haikusubiri, na nyunyiza mchanga laini kwenye tabaka la kwanza ili mtu asiteleze. Kukiwa na unyevu kiasi, acha sakafu ipumue. Dawa ya silikati huingia ndani, ikakutana na chokaa iliyo kwenye zege na kuziba vitundu; vumbi linaisha, sakafu inakuwa ngumu, ingawa maji yanayosukuma kwa nguvu hayazuii. Vigae vya kauri juu ya gundi ya simiti navyo huvumilia. Zulia la kugundisha, mbao na vinili, sahau.

Na nailoni ikilowa chapa, usipake chochote. Hapo dawa ni sakafu mpya: tandika nailoni nzito yenye unene wa geji 1000 juu ya ile ya zamani iliyosawazishwa, vipande vipandane sentimita 30, kingo zipande ukutani hadi zikutane na kizuizi cha unyevu kilichojengewa ndani ya ukuta, kisha mwaga tabaka la zege lisilopungua milimita 50. Lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba. Kumbuka dari itakuwa imeshuka na mlango utakatwa chini. Mwambie mwenye nyumba mapema, wengi hugundua siku ya kurudisha mlango. Zege jipya nalo huchukua karibu mwezi kukauka kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo vigae vya haraka haraka ni kujitafutia simu ya Mei.

Mwalimu nilimkwangulia epoksi yote bila malipo, siku nne za greinda. Tukachimba mtaro nyuma, tukapaka silikati, basi. Haing'ai kama zamani. Masika yalipoanza mwaka uliofuata alinitumia picha: nailoni ya grinihausi imebandikwa sakafuni, imejaa matone. Nikamwambia apitishe kidole, aniambie yako upande gani.

"Juu," akajibu.

Nikamwambia afungue dirisha.