Kabla hujammwaga samaki mpya kwenye tangi la maji chumvi, mpitishe kwanza kwenye diaba

Wadau wa Mtwara na Lindi mnaofuga samaki wa baharini ndani, leo naongelea vimelea maana naona wengi tunapotezea hapo. Mi mwenyewe mwaka jana nilinunua kangaja kwa dogo mmoja kule Shangani, samaki yuko kwenye ndoo ya rangi, mkia unacheza, macho maangavu, dogo ananiambia "bro huyu mzima, we cheki anavyokwepa mkono", nikalipa nikadaka bajaji mpaka home, nikammwaga moja kwa moja kwenye tangi na wenzake. Siku ya nne asubuhi naona vidoa vitatu kwenye pezi kama chembe za chumvi. Siku ya sita havipo, nikafurahi nikasema amepona mwenyewe. Siku ya kumi na mbili kila samaki anajikuna kwenye mawe, wiki ya tatu nimebaki na kamba, konokono na matumbawe, samaki wote chali.

Ule ugonjwa unaitwa iki ya baharini, na kosa langu lilikuwa kufurahi siku ya sita. Yule mdudu anakaa chini ya ngozi ya samaki siku kama tatu mpaka saba, anakula, akishiba anadondoka, mara nyingi usiku au alfajiri, anajibandika kwenye mchanga au jiwe au hata kioo na kujijengea gamba. Ndani ya gamba anajigawa gawa, afu baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa wanatoka watoto mamia wanaogelea kutafuta samaki, wasipompata ndani ya siku moja au mbili wanakufa. Kwaio kidoa kikipotea ujue mdudu kaenda kuzaa. Na dawa karibu zote unazomwaga kwenye maji zinaua wale wanaoogelea tu, aliye chini ya ngozi hazimfikii na aliye ndani ya gamba ndo kabisa.

Sasa ukielewa hilo unaona kwamba unaweza kumponya samaki bila dawa yoyote, unachofanya ni kumhamisha kabla watoto hawajatoka. Wenzetu wa mbali na bahari njia hii inawauma mfukoni maana maji ya chumvi wanakoroga kwa unga wa kununua, sie bahari iko mlangoni, kazi ni kubeba madumu tu.

Unahitaji madiaba mawili ya plastiki, mi natumia ya lita 60, kila moja na pampu yake ya hewa, mpira wake, jiwe lake la hewa, na kipande cha bomba la plastiki cha samaki kujificha. Usiweke mchanga wala jiwe la bahari. Siku ya kwanza samaki anaingia diaba la kwanza. Siku ya 4 anaenda la pili lenye maji mapya, siku ya 7 anarudi la kwanza ambalo limeshasafishwa, siku ya 10 tena, siku ya 13 kwa mara ya mwisho. Asizidi masaa 72 ndani ya diaba moja, hata ukimhamisha mapema kidogo sio tatizo, kuchelewa ndo tatizo. Mkamate kwa kibakuli au kinyavu, maji ya zamani yasimfuate, yakidondoka matone mawili matatu sio kesi ila usimwage kikombe kizima.

Diaba lililoachwa unamwaga maji yake mbali, unasugua kwa maji baridi, yani yasiyo na chumvi, na sabuni kidogo, unasuuza sana, afu unaanika juani na kila kitu chake mpaka kikauke kaukau. Jua hili tunaloanikia mihogo linatosha, gamba la mdudu halivumilii kukauka. Jiwe la hewa ndo msumbufu maana lina vitundu na ndani linabaki na unyevu, mi nanunua mengi ya bei rahisi na kutupa kila nikihamisha. Diaba lifunike na wavu, kangaja anaruka, nimeshamuokota mmoja chini ya kochi.

Kuhusu maji yenyewe, usichote popote. Nenda bamvua maji yakiwa yamejaa, chota sehemu ya wazi, sio kwenye mdomo wa mto wala karibu na mitaro ya mjini, na kipindi cha masika pima chumvi kwanza kwa sababu mvua inaichujua bahari ya ufukweni, ya kawaida ni 35 hivi kwenye refraktomita, kile kipimo cha chumvi. Chuja na kitambaa kizito, weka kwenye pipa lenye mfuniko wiki nzima bila samaki, kama kuna wadudu wanaoogelea watakufa kwa kukosa pa kushika, kisha chota ya juu, ya chini yenye tope acha. Usiku kabla ya kuhamisha jaza diaba jipya liwe chumba kimoja na la zamani joto lilingane. Na mlisheni kidogo tu, kwenye diaba hamna filta hivyo chakula kinachobaki ndo amonia ya kesho, sumu kwa samaki, nyonya uchafu na mpira mwembamba kila jioni. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, uwe na pampu ya betri, ukikosa koroga kwa kikombe, chota unamimina kutoka juu, usingizi utalala kesho.

Ila njia hii inatibu iki tu. Kuna jamaa mwingine mbaya zaidi, velveti. Iki ni chembe za chumvi unazohesabu, velveti ni vumbi. We mtu wa huku ushaona jani la mkorosho baada ya kupuliziwa salfa? Basi ni vile, vumbi la manjano manjano juu ya samaki, unaliona vizuri ukizima taa na kummulika kwa tochi kutoka ubavuni. Na kabla hata ya vumbi samaki anahema haraka haraka, anakimbia mwanga, anang'ang'ania penye mkondo wa pampu, hataki kula. Huyo usisubiri wikendi, anaweza kuondoka ndani ya siku mbili tatu.

Huyo namuogesha maji baridi kwanza kupunguza mzigo. Ndoo ya maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba yaliyopigwa hewa usiku kucha klorini itoke, joto sawa na la diaba, na beking soda kidogo kidogo mpaka pH ifike kama ya bahari, 8.1 mpaka 8.3. Dakika tano, unamwangalia muda wote, akilala ubavu akitulia kidogo usipanike, akianza kurusharusha mwili kama kichaa mtoe. Hii sio tiba, ni kumpa pumzi tu.

Tiba yenyewe ni dawa ya shaba, na hapa nisikilizeni vizuri. Kamwe usimwage shaba kwenye tangi kubwa, inaua kamba, konokono na matumbawe, afu mawe na mchanga vinainyonya ukiwa hujui imebaki kiasi gani. Ni kwenye diaba tupu tu. Shaba ya kawaida inatakiwa ikae miligramu 0.15 mpaka 0.20 kwa lita, chini ya hapo mdudu anacheka, juu ya hapo unamuua samaki, kwaio bila kipimo cha shaba na kupima kila siku kwa wiki mbili na zaidi usianze. Zile za chupa zilizochanganywa zikae muda mrefu kwenye maji zina kiwango chake kikubwa zaidi, soma karatasi. Kuna mtu aliniuliza kama mrututu, ile shaba ya bluu ya duka la pembejeo, unafaa. Kaka, acha. Hujui una nini kingine ndani na kijiko cha chai tu kinatosha kuua diaba zima.

Wengine wanatumia klorokwini, naam, ileile tuliyomezeshwa utotoni tukawashwa mwili usiku kucha kabla haijaondolewa kwenye malaria mwaka 2001. Velveti inaimaliza kweli, lakini vidonge vina vitu vingine vya kujazia, inatakiwa unga safi na mzani mdogo, miligramu 10 kwa lita, diaba likae gizani maana mwanga unaiharibu.

Na ukiona kwenye lile ndoo la kuogeshea vimebaki vitu vyeupe bapa kama ufuta uliomenywa, huyo ni mnyoo bapa wa ngozi na matamvua. Dawa yake ni prazikwanteli, ndio hiyohiyo ya kichocho wanayopewa watoto shuleni, miligramu 2.5 kwa lita, unarudia baada ya wiki hivi kwa sababu mayai haiyaui. Ongeza hewa siku hizo.

Kama we ulishakosea kama mimi na mdudu yuko ndani ya tangi kubwa, toa samaki wote wapite kwenye madiaba, na tangi likae bila samaki hata mmoja siku 76. Kamba na konokono wabaki, walishe, iki haiwashiki. Najua ni ndefu, mke wangu alikuwa anapita anauliza hilo tangi la maji tupu tunalipia umeme wa nini. Na maji yakipungua jaza, usiazime jiwe wala wavu wa jirani katikati ya hizo siku.

Samaki aliyemaliza siku ya 13 usimkimbize kwenye tangi, mpe wiki mbili nyingine diaba safi umwangalie tu anakula vipi, anahema vipi, kama ana velveti iliyojificha itajitokeza huko. Wangu wa sasa ni kitatange, angekuwa ameshaingia tangini wiki iliyopita, ila mpwa wangu alikuja kunisaidia siku ya kumi akatumia kinyavu kibichi cha diaba la zamani. Nikarudi siku ya kwanza. Nyavu sasa nimezifunga kamba za rangi, nyekundu huku na bluu kule, na zote zinaning'inia kwenye waya wa nguo juani.